Fulana Tatu za Kampuni ya Nta

Furushi lilishuka Itigi na treni ya Jumatatu, limefungwa kwa kamba ya katani na kuandikwa kwa wino wa zambarau: Kwa Meneja, Kampuni ya Nta na Asali. Alute ndiye aliyetumwa stesheni kulipokea. Alilibeba begani hadi ofisini, na njia nzima alikuwa akilibonyezabonyeza apate kujua ndani mna nini. Halikuwa la karatasi, maana lilibonyea. Halikuwa la magunia, maana gunia hukwaruza. Hadi anafika mlangoni alikuwa amejijibu mara tano na kujikosoa mara tano.

Ndivyo alivyokuwa, Mungu ampe pumziko. Wapo watu ambao wakikuta shimo njiani hupita kando. Alute akikuta shimo lazima apige magoti achungulie. Alizaliwa Issuna, mtoto wa mkulima mwenye ng'ombe wachache, akajifunza kusoma na hesabu misheni. Mapadre walimpenda na walimchoka, kwa sababu katekisimu ilikuwa na majibu ya kutosha lakini yeye alikuwa na maswali ya ziada. Alisali asubuhi na jioni maisha yake yote, na mara nyingi alisema kwamba Mungu aliyeweka macho mbele ya kichwa hakukusudia mtu atembee ameyafumba.

Mwaka huo wa 1957 alikuwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa na mkewe Selina na mtoto mmoja, Kefa, na kwa miaka saba alikuwa mtu wa mizani katika ghala la kampuni. Wanunuzi walileta nta kutoka porini, ikayeyushwa, ikachujwa, ikamiminwa kuwa mikate ya manjano. Alute aliipima, akainusa, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akajua iliyo safi na iliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe.

Meneja, Mwingereza mmoja mrefu aliyeitwa Bwana Pirsi, alikata kamba ya furushi kwa kisu. Zikatoka nguo tatu. Zilikuwa na kola kama shati, lakini hazikufunguka mbele. Vilikuwapo vifungo vitatu tu chini ya shingo. Kitambaa chake kilikuwa cha kufumwa, chenye vitundu vidogo vidogo, na kikivutwa kinarefuka, kikiachiwa kinarudi.

"Hii ni fulana au shati, bwana?" Alute aliuliza.

"Ni fulana yenye kola. Kwetu watu huvaa hii wakicheza mpira juu ya farasi."

"Na farasi anakubali?"

Bwana Pirsi alicheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Kisha akaeleza shauri lake. Wakubwa wa kampuni kule Dar es Salaam walitaka wafanyakazi wote wavae sare, wa ghalani na wa porini, nguo moja na rangi moja. Kuanzia Januari, atakayekuja kazini bila sare atarudi kwao. Mwenye duka wa huko alikuwa ameleta rangi tatu za kuchagua: buluu iliyokolea, damu ya mzee, na moja nyeupe isiyo nyeupe kabisa, kama maziwa yaliyolala.

"Mimi napenda buluu," alisema meneja. "Haionyeshi uchafu. Lakini watu wako unawajua wewe. Chagua, uniambie Jumamosi. Barua itaondoka na treni ya siku hiyo."

Alute alizichukua zile fulana. Asingekuwa na mdogo wake Gabrieli, angemaliza kazi hiyo kabla ya chakula cha mchana.

Gabrieli alikuwa mnunuzi wa porini. Kampuni ilimpa baiskeli, naye aliiendesha hadi Mitundu na kambi za warina asali zilizo mbali zaidi, akapima masega na kurudi amebeba. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye sauti ya kuimba, na alipenda ile baiskeli kuliko watu wengine wanavyopenda wake zao. Lakini miaka miwili nyuma alichomwa na nyuki sikioni, na kabla hajamaliza kulaani uso ulikuwa umevimba, koo limeziba, akaanguka chini kama gunia. Warina asali walimfunga kwenye baiskeli yake mwenyewe na kumkokota hadi kwa masista. Sista alimdunga sindano akasema: Huyu, siku nyingine, hatafika. Kampuni iliambiwa kwamba Gabrieli alikuwa mgonjwa, na hilo lilikuwa kweli. Kuumwa kitu gani hawakuulizwa, nao hawakusema.

Tangu hapo Gabrieli alikwenda porini na shati la marehemu baba yao, jepesi, lililofuliwa hadi likakosa rangi, na alikaa mbali na mizinga. Sasa shati hilo lingekatazwa.

Jioni ile Alute alimwonyesha zile fulana uani. Gabrieli aliigusa ya buluu kwa ncha ya kidole tu, akaurudisha mkono.

"Kaka, hiyo ni sanda yangu. Nyuki hapendi kitu cheusi. Anamwona nyegere huyo, mwizi wake."

"Nani kasema?"

"Si inajulikana!"

"Inajulikana na nani? Nyuki amekuambia?"

"Baba alisema."

"Baba alisema pia kwamba treni inakula kuni kwa sababu ina njaa," alisema Alute. "Sisemi si kweli. Nasema tutazame."

Ghalani nako kila mtu alikuwa na lake. Wengi walitaka damu ya mzee, kwa kuwa mtu akiivaa anaonekana ana cheo. Idrissa, karani wa kampuni, Mnyamwezi wa Tabora na mtani wa kila Mnyaturu aliyepita mbele yake, alitaka buluu.

"Mkimwachia Alute atawaleteeni ile ya maziwa," alitangaza. "Mnyaturu akiona rangi ya maziwa anadhani ni ng'ombe wake amerudi."

"Na Mnyamwezi akiona nguo nyeusi," Alute alimjibu, "anadhani ni mzigo, anautia kichwani."

Watu walicheka, lakini Alute alikuwa amekwisha amua. Hatachagua kwa macho ya watu. Atawauliza nyuki wenyewe.

Ili vumbi lisiichafue ile ya maziwa kabla ya siku, aliikunja akaitia ndani ya gunia safi la ghalani. Zile nyingine mbili alizifungia katika karatasi zilimokuja. Jumanne mchana akaomba ruhusa, wakaenda na Gabrieli ukingoni mwa kichaka, ulipotundikwa mzinga mmoja wa urithi wao. Gabrieli alibaki barabarani na baiskeli yake, mbali, upande ambao upepo unatoka. Alute alichomeka miti mitatu kwa nafasi sawa, akaivika fulana, akarudi nyuma mara mbili kusogeza mmoja uliozidi kidogo. Kisha akajifunika blanketi, akaupiga mzinga kwa mti mrefu, akakimbia.

Alilala kifudifudi ndani ya kichaka, miiba ikimchoma mbavu, akisikia ngurumo ile. Alitamani kufunua blanketi atazame, akajizuia kwa kusali fungu zima la rozari. Nyuki walipotulia na jua likashuka, aliwasha moshi, akaziendea fulana, akaanza kuchambua miiba ya nyuki iliyobaki katika kitambaa. Buluu, kumi na minne. Damu ya mzee, kumi na mmoja. Ya maziwa, thelathini na saba.

Akarudia kuhesabu. Thelathini na saba.

"Haiwezekani!" Gabrieli alipiga kelele kutoka barabarani.

"Imewezekana," alisema Alute, na uso wake haukuwa na huzuni bali mshangao, kama wa mtoto aliyeona kinyonga akibadilika. "Basi baba alikosea. Au sisi tumekosea. Lakini wapi?"

Asubuhi Idrissa alipopata habari aliinuka kitini. "Jamani, hata nyuki wameikataa! Bwana Alute, andika buluu tukalale."

Alute hakuandika. Jioni alikaa uani, fulana tatu juu ya magoti, akizigeuza nje ndani. Selina alikuwa akipepeta uwele karibu yake. Alisimamisha ungo.

"Baba Kefa, hiyo nguo mbona inanuka ghala?"

"Ipi?"

"Hiyo nyeupe."

Alute aliinusa. Akainusa tena. "Hainuki kitu."

"Wewe pua yako ilikufa siku nyingi. Ukiingia humu ndani mimi najua hata nikiwa nimelala. Hizo mbili zinanuka duka. Hiyo inanuka nta, na kitu kingine kichachu."

Alute alisimama, akatoka bila kuaga. Alirudi na lile gunia safi, akaligeuza chini ya mwanga wa mlango. Kwenye mshono wa chini walikuwapo nyuki waliopondwa, wamekauka, wengi kama mbegu za ulezi. Gunia lilikuwa limebeba masega. Machoni pa mtu wa ghala lilikuwa safi, kwa maana lilikuwa limekung'utwa.

Alijipiga kipaji cha uso. Mtoto yeyote wa mrina asali anajua kwamba ukiponda nyuki mmoja karibu na mzinga, harufu yake inawaita wenzake. Alute alijua hilo kabla ya kujua kusoma. Lakini miaka saba ya kushinda katika nta ilikuwa imemfunga pua, akaivika ile fulana tarumbeta ya vita, kisha akashangaa vita vilipokuja.

"Mama Kefa," alisema, "umefanya kazi ya mapadre watatu."

"Basi kesho uchote maji mwenyewe," alisema Selina, akaendelea kupepeta.

Kesho yake, Alhamisi, Alute alichota maji. Selina alizifua zote tatu kwa sabuni moja, akazianika kwenye kamba moja, akazikunja ndani ya kanga yake, akamkataza mumewe kuzigusa kabla ya kunawa mikono hadi viwikoni. Ijumaa mchana ndugu hao wawili walirudi kichakani. Miti ile ile, nafasi ile ile, blanketi lile lile. Safari hii Alute hakuweza kujizuia. Alifunua pembe ya blanketi, akaona fulana ya buluu imekuwa na manyoya yanayotembea, akachomwa juu ya jicho, akafunika.

Alipokwenda kuhesabu jicho moja lilikuwa limefumba. Buluu, arobaini na mmoja. Damu ya mzee, ishirini na tisa. Ya maziwa, miwili.

Alizileta barabarani kwa mbio. Gabrieli alisikia hesabu, akaruka juu, akapiga kengele ya baiskeli kama mtu wa harusi.

"Miwili tu! Kaka, nimepona! Mwambie mzungu aagize hizo hata mia!"

Alute naye alikuwa akicheka. Kisha kicheko kikamwisha. Aliutazama ule mwiba mmoja uliokuwa bado umenasa karibu na kola, mdogo, usiozidi ncha ya sindano.

"Gabrieli. Kule Mitundu ulichomwa na wangapi?"

"Lini?"

"Siku ile ya sikio."

Gabrieli aliacha kengele. "Mmoja," alisema.

Wiki nzima Alute alikuwa akiuliza fulana ipi nyuki wanaichukia kidogo, na alikuwa amepata jibu zuri, la kweli, lenye kumfaa kila mtu wa kampuni isipokuwa yule mmoja aliyemfanya aulize.

"Hakuna fulana yako hapa," alisema mwishowe. "Hata la baba halikuwa shati lako. Ni Mungu tu amekuwa akikufunika, na mimi nilidhani ni pamba. Acha pori, mdogo wangu."

"Niende wapi?"

"Ghalani."

"Nikae na Idrissa kutwa nzima, anitukane Kinyamwezi? Nirudishe baiskeli?" Sauti ilimpanda. "Halafu mzungu atauliza kwa nini. Ukimwambia nyuki wananiua atanifukuza siku hiyo hiyo. Mtu asiyeweza nyuki katika kampuni ya nyuki! Apa hutanitaja."

"Siapi. Lakini nakuahidi, jina lako halitatoka kinywani mwangu."

Jumamosi asubuhi Alute aliingia ofisini, jicho likiwa bado limevimba. Alizitandaza fulana mezani, na mbele ya kila moja karatasi yenye miiba yake. Bwana Pirsi aliinama, akachukua kioo cha kusomea ramani, akatazama kwa muda mrefu. Aliuliza miti ilikuwa mbali kiasi gani, upepo ulitoka wapi, kwa nini zilifuliwa. Alute alimweleza yote, hata ujinga wa gunia. Kwa nusu saa wale watu wawili hawakuwa mkubwa na mdogo, walikuwa watu wawili juu ya kitendawili kimoja.

Kisha meneja akaweka kioo chini.

"Kazi nzuri. Lakini vumbi la Itigi unalijua. Nyeupe itakuwa udongo kwa wiki moja, na wakubwa wakija watasema watu wangu wachafu. Nyuki huuma, ndiyo kazi yake. Mtu anavimba, kesho anapona. Au yupo mtu wangu anayeumwa sana?"

Alute alitazama mlangoni. Nje ya mlango, baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani. Gabrieli alikuwa akisubiri hati yake ya kwenda Mitundu.

"Nakuuliza, Alute. Yupo?"

Aliomba moyoni neno lije. Halikuja neno la werevu.

"Bwana, nikisema hayupo nitakuwa nimesema uongo. Nikisema yupo nitakuwa nimevunja ahadi."

"Basi umekwisha sema," alisema Bwana Pirsi. "Nitawaita wa porini mmoja mmoja."

"Usiwaite, bwana." Gabrieli alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Ni mimi."

Akaeleza mwenyewe: sikio, koo, masista, sindano. Hakuficha kitu, wala hakumtazama kaka yake. Bwana Pirsi alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Mtu anayeogopa nyuki, katika kampuni ya nta."

"Siwaogopi, bwana. Ningewaogopa ningekuwa nimeacha zamani."

"Hilo ni baya zaidi. Porini huendi tena."

Alute aliona mkono wa mdogo wake ukikunja kofia, ukiikunjua, ukiikunja.

"Mpe mizani yangu, bwana," alisema. "Mimi nitakwenda porini."

Bwana Pirsi aligeuka. "Mizani ni kazi ya kivulini. Umeifanya miaka saba bila kosa. Wanaume hapa wanagombania kivuli, wewe unakitoa?"

"Ni ndugu yangu, bwana. Hesabu anazijua, kupima masega na kupima nta ni mzani mmoja. Na pua yake bado nzima, ataijua nta mbovu kabla yangu." Kisha likamtoka lililokuwa likimsumbua tangu jana. "Halafu wale nyuki wawili waliochoma nguo safi, nyeupe. Nataka kujua waliona nini."

Meneja alimtazama, akaitazama karatasi yenye miiba miwili, na kwa mara ya pili wiki ile akacheka. Alivuta wino. Barua iliyoondoka na treni siku hiyo iliagiza fulana za rangi ya maziwa kwa watu wote wa kampuni, na chini yake agizo jingine la sabuni.

"Kaka," Gabrieli alinong'ona walipotoka, "wewe baiskeli huijui."

Ilikuwa kweli. Alute alikuwa ametembea kwa miguu maisha yake yote. Jumatatu alfajiri Gabrieli alimkalisha juu ya tandiko kwenye njia ya Mitundu, uso wake ukiwa bado umekunjana kwa hasira ya kuporwa.

"Usiangalie gurudumu, kaka. Angalia njia."

"Linazungukaje bila kuanguka?"

"Litaanguka sasa hivi ukiuliza!"

Likaanguka. Alianguka mara nne kabla ya jua kuwa kali, na mara ya nne Gabrieli alisahau hasira yake, akaketi katikati ya njia, akacheka hadi machozi yakamtoka. Idrissa na watu wa ghala walikuwa wametoka kutazama. Mara ya tano Gabrieli alikimbia nyuma ameshika tandiko, akahema, akaachia, akabaki amesimama, mikono kiunoni, akimtazama kaka yake anavyoyumba kuelekea kichakani.

"Asirudi bila asali huyo!" Idrissa alipaza sauti.

"Njoo upime nta, karani," alisema Gabrieli. "Mtu wa mizani leo ni mimi."

Alute alikwenda porini miaka kumi na tisa. Juu ya wale nyuki wawili alipata majibu matatu kwa nyakati tofauti, na hakuridhika na hata moja.